Rubani wa Kwale: jeshini au uraiani?

Neno rubani halikuletwa Pwani na ndege. Asili yake ni Kiarabu, na kabla binadamu hajarusha ndege ya kwanza yenye injini mwaka 1903, lilikuwa tayari ni neno la mabaharia wa mwambao huu. Nahodha alikuwa mwenye amri juu ya chombo. Rubani alikuwa mjuzi wa njia, yule aliyeujua mlango wa kupitia miambani, mwendo wa maji kujaa na kupwa, na mahali fungu la mchanga lilipohamia tangu kusi iliyopita. Chombo kilipokaribia Wasini, Funzi au Vanga, nahodha alikuwa na haki ya kuamuru, lakini rubani alikuwa na wajibu wa kusema kwamba hapa hapapitiki.

Nimelitanguliza neno hili kwa kuwa linagusa suala ambalo vijana wa Kwale huniuliza kila nirudipo nyumbani Msambweni wakati wa likizo ya chuo. Wanataka kuwa marubani wa helikopta, na wanauliza: tufuate njia ya jeshi au njia ya kiraia? Swali lao si la anasa. Machimbo ya titani ya Kwale, ambayo shehena yake ya kwanza iliondoka Likoni mwezi Februari 2014, yalikomesha uchimbaji mwezi Desemba 2024. Hoteli za Diani nazo huajiri na kuachisha kazi kwa kufuata msimu wa watalii. Katika hali hiyo, kijana anayeitazama helikopta ikitua Ukunda huona kazi yenye heshima na riziki. Kaka zao waliiona ikifanya kazi nyingine mwaka 2005, wakati Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilipowahamisha ndovu 150 kutoka Shimba Hills na Mwaluganje hadi Tsavo Mashariki, ndovu wakilengwa kwa sindano za usingizi kutoka angani.

Majibu wanayopewa vijana hawa kwa kawaida ni mawili. Wako wanaowaambia waende jeshini kwa sababu ni bure. Wako wanaowaambia wakae uraiani kwa sababu kuna fedha na uhuru. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili yana kasoro moja: yanalinganisha karo na mshahara, kisha yanalisahau jambo ambalo hasa humfanya mtu kuwa rubani. Nitalieleza jambo hilo, lakini kwanza tufanye hesabu, maana mzazi mwenye watoto watano hawezi kuiruka hesabu.

Tuanze na uraiani. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo Kenya ni mwanachama wake, anayetaka leseni ya urubani wa biashara wa helikopta sharti awe ametimiza umri wa miaka 18, awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, afaulu mitihani, na awe ameruka saa zisizopungua 150. Akisoma mfululizo katika mafunzo yaliyoidhinishwa, saa hizo zaweza kupungua hadi 100. Leseni ya daraja la juu kabisa inadai saa 1,000.

Saa mia ni chache ukizitamka. Kuzilipia ni jambo jingine. Mwanafunzi hulipia mafuta, mkufunzi, bima na uchakavu wa chombo ambacho sehemu zake nyingi lazima zibadilishwe baada ya muda maalumu, hata kama kwa macho hazijaharibika. Ndiyo sababu saa moja ya helikopta ni ghali kuliko saa moja ya ndege ndogo ya mabawa. Karo hiyo haijahesabu kodi ya chumba jijini Nairobi, kwani shule nyingi za urubani ziko katika Uwanja wa Wilson.

Na bado hesabu haijakwisha. Anayehitimu na saa zake 150 hukuta kwamba waajiri na kampuni za bima wanamtaka mtu mwenye saa nyingi zaidi. Hawezi kuajiriwa bila ya saa, wala hawezi kupata saa bila ya kuajiriwa. Naifahamu familia moja ya huku kwetu iliyouza shamba la minazi ili mwana wao asomee urubani katika shule ambayo sitaitaja. Fedha zilikwisha kabla ya saa kutimia. Leo kijana hana leseni, na wazazi hawana nazi.

Jeshini mizani hubadilika. Usajili ni bure, na yeyote anayedai bahasha ili amsaidie mtu kuingia ni mwizi. Mafunzo hulipiwa na serikali, na mwanafunzi hupata malipo yake angali anafunzwa. Hata hivyo, wanaochaguliwa ni wachache mno wakilinganishwa na wanaoomba, na anayechaguliwa hajichagulii helikopta. Jeshi ndilo linalomchagulia: huenda akapelekwa kwenye ndege za kivita au za uchukuzi, na huenda asishike usukani wa chombo chochote kirukacho maisha yake yote. Kijana anayeingia jeshini kwa ajili ya helikopta peke yake anacheza bahati nasibu.

Isitoshe, deni la jeshi hulipwa kwa miaka. Afisa haondoki siku apendayo. Huomba kuacha utumishi, na idhini iko mikononi mwa wakubwa wake. Akishatoka, saa alizoruka zina thamani kubwa, lakini leseni ya kiraia hutolewa na Halmashauri ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA, kwa mitihani na masharti yake yenyewe. Sare haigeuki leseni siku inapovuliwa. Kwa ufupi, njia moja inamkopesha kijana shilingi, na nyingine inamkopesha umri wake mwenyewe.

Kwa wazazi wengi wa Kwale kuna hesabu nyingine ambayo haiandikwi popote. Baada ya kituo cha polisi cha Likoni kushambuliwa usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, operesheni za vikosi vya usalama zilifika hadi vijijini mwa Kwale, na wengi wasiohusika walilalamika kwamba walipigwa na kukamatwa. Kwa kizazi kile, sare si kitu cha kumtamania mtoto. Naielewa hofu hiyo, lakini sikubaliani na hitimisho lake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 241, inaagiza kwamba uongozi wa majeshi uwe na sura ya maeneo na makabila ya Kenya nzima. Agizo hilo halitatimia kwa sisi kukaa kando. Sare inayovaliwa na wana wa wenzetu peke yao itaendelea kuwa ngeni machoni petu.

Wala mzazi asidhani kwamba njia moja ni ya hatari na nyingine ni ya salama. Tarehe 10 Juni 2012 tuliwapoteza Waziri Profesa George Saitoti na Waziri Msaidizi Orwa Ojode katika helikopta ya polisi iliyoanguka Ngong. Tarehe 18 Aprili 2024 Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi na yeye mwenyewe rubani, alifariki pamoja na wenzake tisa katika helikopta ya jeshi huko Elgeyo Marakwet. Sizitaji ajali hizi ili kumlaumu yeyote. Nazitaja kwa sababu anayechagua kazi hii anachagua kubeba roho za watu, awe na sare au asiwe nayo.

Sasa nirudi kwa rubani wa jahazi na wajibu wake wa kusema kwamba hapa hapapitiki. Kanuni za kiraia zimeuhifadhi wajibu huo barabara. Rubani kiongozi ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu ndege angali ameishika, hata kama aliyeketi nyuma ni waziri, na hata kama ndiye mwenye ndege. Jeshini kuna ngazi ya amri. Rubani wa jeshi naye hufunzwa usalama, na mara nyingi hufunzwa vizuri zaidi, lakini kazi yake kwa asili ni kwenda mahali ambapo raia amekatazwa: vitani, kwenye mafuriko, gizani. Hali mbaya ya hewa humpa raia sababu ya kurudi. Kwa mwanajeshi, pengine hiyo hiyo ndiyo sababu ya kutumwa.

Msomaji asiharakishe kuhitimisha kwamba, kama ni hivyo, uhuru wote uko uraiani. Tarehe 26 Januari 2020 helikopta ya kukodi iliyombeba mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant ilianguka Calabasas, California, na watu wote 9 waliokuwamo wakafariki. Rubani wake alikuwa na zaidi ya saa 8,000 angani. Wachunguzi wa Marekani walieleza mwaka uliofuata kwamba aliendelea na safari ya kuongozwa na macho hadi akaingia mawinguni, na humo akapoteza hisia ya juu na chini. Hawakupata ushahidi kwamba mteja au kampuni ilimshurutisha. Shinikizo alijitia mwenyewe, kwa kutaka kumfikisha mteja wake alikokuwa akienda. Alikuwa na haki yote ya kugeuza chombo, na hakuitumia. Marubani wetu wanaowabeba wanasiasa wakati wa kampeni wanalijua shinikizo la namna hiyo: mkutano wa mwisho haujakwisha, jua linazama, na mheshimiwa angali anahutubia.

Kwa upande wa pili, aliyetii naye hana kinga. Tarehe 2 Juni 1994 helikopta ya Chinook ya Jeshi la Anga la Uingereza iligonga kilima cha Mull of Kintyre, Scotland, katika ukungu, na watu wote 29 wakafa. Mwaka 1995 maafisa wa ngazi ya juu waliwatia hatiani marubani wawili, ambao walikuwa makaburini tayari, kwa uzembe mkubwa. Jamaa zao walipigania majina yao hadi mwaka 2011, serikali ilipoufuta uamuzi huo. Amri hushuka ngazi, na lawama nayo hushuka ngazi ile ile, hata ikamfikia aliyeshika usukani.

Hapa kwetu tunao mfano wa wanajeshi waliojua kwamba kutii kuna mpaka. Tarehe 1 Agosti 1982, baadhi ya askari wa Jeshi la Anga walipojaribu kuipindua serikali, marubani wa ndege za kivita huko Nanyuki walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki waende wakaishambulie Nairobi kwa mabomu. Waliruka, kwani bunduki iliwaelekea. Lakini mabomu waliyatupa katika msitu wa Mlima Kenya. Jeshi lao lilivunjwa, na jina la Jeshi la Anga la Kenya halikurejeshwa hadi mwaka 1994. Hata hivyo, wako watu jijini waliopona siku ile pasipo kujua kwamba waliokolewa na marubani waliokataa. Hawakuwa marubani wa helikopta, lakini somo lao lamfaa kila mrukaji.

Hivyo basi, tofauti ya jeshi na uraia haiko kati ya utumwa na uhuru. Uraiani sheria inampa rubani haki ya kukataa, kisha fedha za mteja zinamshawishi aiuze. Jeshini nidhamu inaibana haki hiyo, kisha inamlea mtu ambaye pengine ana ujasiri wa kuitumia siku inapohitajika. Mafunzo bora ni yale yanayomfunza kijana kusema hapana, wakati ufaao, kwa sauti inayosikika.

Hapa taaluma yangu ya isimu inaniruhusu kusema neno moja. Sisi watu wa Pwani hatukulelewa kusema hapana. Tunapokataa, husema insha'Allah, au tutaona, au labda kesho, na aliyelelewa kama sisi huelewa kwamba amekataliwa. Ni adabu njema sana barazani. Tena tumefunzwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mpwa wangu mmoja, msichana wa kidato cha nne anayeitamani kazi hii, aliwahi kuniuliza: "Mjomba, kwani rubani akimkatalia mkubwa, si ufidhuli huo?" Nilimjibu: "Mwanangu, ufidhuli ni kumzika mkubwa wako ilhali ungeweza kumchelewesha."

Sikuwa nikitia chumvi. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya shirika la Avianca la Colombia ilizungushwa angani kwa muda mrefu ikisubiri kutua New York. Marubani wake waliwaambia waongozaji wa ndege kwamba mafuta yalikuwa yanakwisha, lakini hawakulitamka neno la dharura ambalo lingewapa haki ya kutua kabla ya wengine. Mafuta yalikwisha, ndege ikaanguka, na watu 73 wakafa. Kila walichosema kilikuwa kweli; walikisema kwa namna isiyomshtua aliyesikia. Chombo kile kilikuwa ndege kubwa ya abiria, lakini redio ni ile ile, na hewa ni ile ile.

Kuanzia mwezi Machi 2008, kanuni za kimataifa zinamtaka rubani wa safari za kimataifa athibitishe kwamba anaweza kuzungumza na kuelewa lugha ya redio kwa kiwango cha nne kati ya viwango sita. Mambo yanayopimwa ni sita: matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, ufasaha, ufahamu, na namna ya kujibizana. Kijana wa Lunga Lunga au Kinango asiogope. Kiwango hicho hakimtaki azungumze kama Mwingereza. Kinamtaka aeleweke, na aulize pale asipoelewa. Mtoto aliyekua akisema Kidigo au Kiduruma nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani tayari ana mazoezi ambayo watoto wengi wa London hawana: anajua kubadili lugha kwa kumtazama msikilizaji. Kilichobakia ni kujifunza kwamba redioni adabu ya baraza haina nafasi.

Ushauri wangu kwa hiyo ni huu. Kijana asiye na fedha, mwenye afya na alama nzuri, na aliye radhi kuwa mwanajeshi hata asipoupata usukani, aende akajiandikishe jeshini, wala wazazi wasimzuie kwa sababu ya mwaka 1997. Lakini kama hayuko radhi kuwa mwanajeshi, asiifanye sare kuwa njia ya mkato ya kufikia leseni; miaka ni mingi, na jeshi halidanganyiki kwa muda mrefu. Mwenye uwezo wa kulipa, au mwenye mfadhili, afuate njia ya kiraia, kwa sharti kwamba fedha za kufika mwisho zionekane kabla ya saa ya kwanza kurukwa. Shamba lisiuzwe kwa ajili ya nusu ya leseni. Na kabla ya kulipa, mzazi aiulize shule maswali matatu: karo hii inanunua saa ngapi hasa, wahitimu wenu wa miaka mitatu iliyopita wanafanya kazi wapi, na mwanafunzi akikataa kuruka kwa sababu ya hali ya hewa, nani anailipia saa hiyo? Jibu la swali la tatu litamwambia mengi kuhusu marubani wanaotengenezwa hapo.

Iko pia njia ya tatu, nayo inaihusu Serikali ya Kaunti. Kwale imejijengea jina kwa mpango wake wa ufadhili wa masomo, Elimu ni Sasa. Naipendekezea itenge nafasi chache, hata mbili tu, za urubani wa helikopta wa kiraia, zilipiwe hadi mwisho, kisha wahitimu warudishe deni kwa utumishi: kuwachukua wagonjwa mahututi kutoka Kinango na Lunga Lunga, kuwatafuta wavuvi waliopotea baharini, kuwaelekeza ndovu mbali na mashamba. Kaunti haina haja ya kununua helikopta. Amref imekuwa ikiwapeleka madaktari kwa ndege tangu mwaka 1957, na KWS ina vyombo vyake. Makubaliano ya kazi yanatosha kuanzia. Mpango kama huo utakopa kutoka jeshi wazo la kulipa kwa utumishi, na kutoka uraiani haki ya rubani ya neno la mwisho.

Wako watakaosema kwamba nafasi mbili ni kitu gani katika kaunti yenye vijana maelfu. Ni kweli kwamba ni chache. Lakini mwambao huu haukuhitaji marubani wengi ili majahazi yaingie salama. Ulihitaji wachache walioijua njia na waliosikilizwa. Chombo cha leo kina mapanga juu badala ya tanga, na miamba yake ni mawingu na vilima. Wajibu haujabadilika. Kijana wa Kwale na achague pale atakapofunzwa kuutimiza, na akishafunzwa, asiuache kwa kuogopa cheo wala kwa kutamani bahasha.